Fito Saba za Mwerezi

Fundi aliyekuja kumpima baba alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alichomoa futi kamba mfukoni, wazee waliokuwa mlangoni wakamtazama, akairudisha bila kuambiwa neno. Kwetu milimani maiti hapimwi kwa futi kamba. Hupimwa kwa ufito, tangu utosini hadi unyayoni, ufito ukakatwa pale mwili unapoishia, fundi akaenda nao kutengenezea jeneza. Jeneza likiisha, ufito huvunjwa vipande viwili na kuzikwa pamoja na mwenyewe. Haulali nyumbani. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba ufito uliopima mtu ukibaki ndani ya nyumba, utatafuta mwingine wa kumpima.

Basi ukatafutwa ufito. Mtoto wa binamu yangu alipanda darini, akakohoa kwa masizi, akashuka na kitita kirefu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Akachomoa ufito mmoja, na fundi akaukwangua ncha kwa kisu aone kama umeoza. Haukuwa umeoza. Harufu ya mwerezi ikaenea chumba kizima, ile harufu ya penseli mpya inapochongwa, nami ambaye sikuwa nimetoa chozi tangu nipigiwe simu, nililia mpaka wakanitoa nje. Wanawake walisema afadhali, maana nilikuwa nimekauka mno. Hawakujua nalilia nini. Nilitoka na kile kitita mkononi, nikakilaza ukutani chini ya mkeka wangu, nikakikalia. Kila aliyekitaka kwa ajili ya kuchochea moto nilimkatalia, hata wakaanza kunong'ona kwamba huzuni imenipanda kichwani.

Nilikuwa mtoto wa pekee, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra mpaka watu walinihurumia kama mtu mwenye kilema. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Lushoto, upande wa kwenda Magamba, vyumba viwili na jiko, na uani kulikuwa na benchi la baba. Baba alikuwa seremala. Kabla sijazaliwa alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kupasulia mbao huko Shume, na ule msumeno ulimla masikio. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na usikivu kidogo, wa mtu aliyefunikwa blanketi. Pia alikuwa na pengo la jino moja la mbele, juu, alilolipata hukohuko. Nyumbani tulisema Kishambaa na nilimwita tate, lakini kwa kuwa kila nilipomwita ilinibidi nipaze sauti, nilimwita mara chache.

Mama alipokuwa hai hatukuliona hilo. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwa baba na mdomo wa baba kwangu. Kisha akaugua. Alibebwa kwa machela kwenda Bumbuli, nikaambiwa amekwenda kupumzika hospitali, akipata nguvu atarudi. Siku chache baadaye nilimwona baba ameweka mbao za mwerezi kwenye benchi, anaranda. Nilimuuliza bibi, mama yake baba, kinatengenezwa nini. Bibi akanijibu kwamba ni sanduku la nguo za mama yako. Nilifurahi kweli, kwa sababu mama hakuwahi kuwa na sanduku. Nilishinda pale siku nzima nikiokota maranda na kuyanusa, nikijiuliza atalijazaje sanduku refu namna ile, maana nguo zake nilizijua zote: kanga tatu na gauni la kanisani.

Tangu hapo sikumwamini tena mtu mzima aliyenitajia jina la kitu kinachotengenezwa kwa mwerezi.

Mbao zilizobaki baba alizipandisha darini, juu ya jiko, zikauke kwa moshi. Miaka miwili tukaishi chini yake, yeye na mimi. Sitasema kwamba alikuwa baba mbaya. Alinipikia uji, alinikata nywele, Jumapili alinishika mkono mpaka kanisani. Ila tulikuwa tunakula makande yetu tukitazama moto, ukungu umeziba mlango, na siku nzima inapita hatujasemezana maneno kumi. Nilikuwa mpweke, na nadhani yeye alikuwa mpweke kuliko mimi. Watoto wenzangu waliitwa na mama zao jioni, nikasikia majina yao yakipita bondeni. Langu halikuitwa. Nilijirudisha mwenyewe.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba enzi zile kila jambo lilikuwa na bwana wake. Kulikuwa na Bwana Shamba, Bwana Afya na Bwana Miti. Kwa hiyo alipofika Bwana Samaki hatukushangaa sana, ingawa kwetu samaki alikuwa dagaa mkavu tu. Alitoka kule chini, Mnazi, ambako watu walikuwa wanakusanywa kuanzisha kijiji cha ujamaa kando ya bwawa jipya. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, kimo chake sawasawa na cha baba, na kwapani alikuwa na karatasi aliyoikunja kama mkeka. Alisema amesoma nchi za mbali, akaona huko chombo kinachoitwa kayaki. Ni chembamba, kimefunikwa juu, kina tundu moja la kukalia, na kimejengwa kwa fito nyembamba zilizolazwa ubavu kwa ubavu na kugundishwa. Mtu mmoja hukibeba begani akaenda nacho popote. Alitaka kimoja cha kutegea nyavu bwawani, na kikifaa, kijiji kitataka vingi, na kitataka fundi.

Baba alisoma mdomo wake zaidi kuliko kumsikia. Akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akamwonyesha mbao aliyoiona bora kuliko zote alizokuwa nazo. Ilikuwa mkulo. Kwetu mbao nzuri ni ile inayokutoa jasho kuinyanyua. Tunajengea milango na vitanda vya kurithisha wajukuu, na mtu wa milimani akiinua mbao ikawa nyepesi, huiweka kando akidhani ina ugonjwa. Bwana Samaki alijaribu kuinyanyua ile mbao kwa mkono mmoja, akacheka.

"Fundi, hii itambeba mtu, sikatai," alisema. "Lakini nani ataibeba hii?"

Baba hakucheka. Alisimama uani muda mrefu na kitu kipya kichwani mwake: kwamba kuna kazi ambayo mbao yake ni nyepesi, iliyonyooka, isiyo na jicho lolote pale tawi lilipoota, inayopinda bila kulalamika. Kisha akatazama juu, darini. Mimi nilimwona anatazama.

Alizishusha mbao za mama zote. Ndivyo nilivyoziita kichwani mwangu. Mwerezi ni mti wenye hila. Nje unaweza kuwa safi, ndani una macho tele, na ufa mwembamba usioonekana hata ukiuweka juani. Alizipasua fito zenye upana wa vidole viwili na unene wa kidole changu kidogo, akaziranda, akaziegemeza ukutani. Halafu akaniita, akanikalisha kwenye benchi lenyewe. Hakuwahi kunikalisha pale kabla.

Akanionyesha jinsi ya kuchagua. Ufito hushikwa ncha moja tu, ukaning'inizwa, ukagongwa kwa kidole katikati. Ulio mzima huimba, sauti ndefu inayokwisha polepole. Wenye ufa hukohoa. Ulioimba utiwe mstari mmoja kwa penseli yake nyekundu ya useremala, uliokohoa utiwe msalaba. Aligonga mmoja, akauweka karibu na sikio la kulia, akausogeza, akautua. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakipo.

"Masikio yangu yamekwisha," akaniambia. "Utanisikilizia wewe."

Nikasema sawa. Siku ile nilijiona mkubwa. Tulifanya kazi tangu asubuhi hadi kiza kilipoanza kuingia, mimi nikigonga na kutia alama, yeye akipokea bila kuuliza, na mara moja akanigusa kichwa kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Laiti yangeishia hapo.

Kesho yake alitandika mkeka sakafuni, akaketi amenyoosha miguu, akanipa ufito. Akaniambia nimpime toka nyonga hadi unyayo, maana wamelingana kimo na Bwana Samaki, na anataka kujua miguu itafika wapi ndani ya kayaki.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima aliye hai anapimwa kwa ufito. Nilikuwa nimeona mara moja tu mtu akipimwa, kupitia upenyo wa mlango, siku mama aliporudishwa kutoka Bumbuli amefunikwa, nami nikaambiwa amelala. Nikamwambia baba sitaki. Hakunisikia, au alidhani sikuelewa, akanishikisha ufito na kuulaza mwenyewe juu ya mguu wake. Nikampima. Nilijikunyata, akadhani ni baridi, akaniambia nikimaliza nikaote moto. Alama akaiweka kwa penseli nyekundu. Halafu, badala ya kuuvunja ule ufito, aliuchomeka juu ya mlango wa chumba chetu cha kulala.

Hapo mambo yote yakajipanga kichwani mwangu, na hakuna hata moja lililokataa kukaa mahali pake. Mwerezi uleule. Kitu kirefu, chembamba, kimefunikwa juu. Nafasi ya mtu mmoja. Amepimwa kwa ufito. Na wananiambia ni mashua! Mashua nilizijua, nilikuwa nimeona picha katika darasa la Jumapili, zina wanafunzi kumi na wawili ndani na nafasi inabaki. Hakuna mashua ya mtu mmoja. Na wapi na wapi mashua, sisi tunaokaa juu ya mlima? Baba alikuwa anajitengenezea sanduku la nguo.

Leo naweza kucheka kidogo, lakini si sana. Mtoto aliyedanganywa mara moja huwa na akili za mwanasheria. Ule ufito wa juu ya mlango niliuchoma jikoni siku ileile, chini ya chungu cha makande. Baba aliutafuta, akashangaa, akajipima upya mwenyewe. Nikaona hiyo haikusaidia. Nikafikiri tena, na nilichokipata ni hiki: jeneza lisipokamilika, mtu hawezi kuzikwa. Na aliyekuwa anachagua mbao ni mimi.

Nilipokaa tena kwenye benchi, ufito wa kwanza uliokohoa niliutia mstari mmoja, nikaweka pamoja na wazima. Nilitazama uso wake. Hakuna alichosikia. Nikatia wa pili. Siku mbili zile nilitia saba, na nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kwamba zikifika saba zinatosha kuliharibu. Sikujisikia mwovu. Nilijisikia kama mtu anayemshika mwenzake kanzu asianguke.

Siku ya tatu baba alinisubiri kwenye benchi na hakunipa penseli. Akaniambia nipumzike, nikacheze. Nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba sijachoka. Akarudia, taratibu, kwamba nikacheze. Kisha akaendelea mwenyewe. Nilimtazama toka pembeni ya jiko: alikuwa anauma ncha ya ufito kwa meno, anafumba macho, anagonga kwa kidole, anautua, anachukua mwingine. Nikadhani meno yanamuuma. Nikadhani pia kwamba amekwisha kuniacha, kama mama alivyoanza kugeukia ukutani siku za mwisho kabla ya machela. Nilikaa kwenye maranda, nikanusa, nikalia bila kujificha, kwa kuwa kulia kwangu hakungemfikia.

Kayaki ikakamilika. Aliziba maungio kwa lami, akaipaka rangi ya mafuta ya kijani, na watu wakapanda toka mabondeni kuja kuitazama. Ilikuwa kitu kizuri, hata mimi niliyeiogopa niliona. Baba aliiinua begani kwa mkono mmoja, akatembea nayo uani huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nikaliona lile pengo la jino. Alikuwa anacheka.

Tulishuka Mnazi juu ya lori la kabichi, kayaki imefungwa juu ya magunia, mimi nimeishika kamba. Baba alinichukua, na hilo lilinichanganya, maana siku ya kumzika mama watoto tulikatazwa kwenda. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyotupanda. Sikuwahi kutokwa jasho nikiwa nimekaa tu. Huko chini nchi ilikuwa tambarare na nyeupe kwa vumbi, nyumba mpya zimepangwa mstari, nyingine hazina paa bado, na mwisho wake lilikuwepo bwawa. Ni maji mengi ajabu. Kumbe yapo, nikawaza. Kumbe mashua ina mahali pa kwenda.

Bwana Samaki alinishika mkono wakati baba anafungua kamba. Akanipitisha kwenye nyumba ya tatu kutoka mwisho, yenye kuta tu, akaniingiza katika chumba kidogo chenye dirisha lisilo na kitu. Kupitia dirishani niliiona milima yetu, imeinuka, kilele kimefunikwa na wingu.

"Hapa mtakaa wewe na baba yako, mashua ikituelea vizuri," aliniambia. "Hiki ni chako. Baba yako alitaka dirisha lielekee milimani, akasema vinginevyo ukiwa huku utalilia nyumbani."

Nilisimama mle ndani. Kulikuwa na nyumba. Kulikuwa na mashua. Kayaki ilikuwa kayaki, na kila nilichokuwa nimekifanya kilikuwa cha kukiharibu chumba hiki. Nikatoka mbio.

Baba alikuwa ufukweni, mwenyekiti wa kijiji ameshika ncha moja ya kayaki, yeye nyingine, watu wamejaa pande zote. Nilizunguka upande wake wa kulia, nikamvuta shati. Nikasema, "Tate, kuna fito mbovu."

Akainama. "Unasemaje?"

Nilikuwa nimesema kwa sauti ya kawaida. Ili anisikie ilikuwa ni lazima nipige kelele, na watu wote wangesikia, na mwenyekiti, na Bwana Samaki aliyekuwa anavua viatu. Nikaangalia nyuso zile. Nikapaza sauti: "Nasema maji ni mengi."

"Usiogope," akasema. "Ni nyepesi, haizami."

Ilielea. Bwana Samaki aliingia, akasukuma kwa kafi, ikateleza bila sauti mpaka akinamama wakapiga vigelegele. Alifika mbali kiasi cha kurusha jiwe mara mbili. Nikaanza kuomba, nikimwahidi Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo. Kisha nikaona ameacha kupiga kafi na anatazama miguuni. Akageuka, akaja kwa haraka, kayaki inazidi kulala majini kila anapovuta, na hatua chache kutoka ufukweni ikajaa, akasimama, maji yakamfika kifuani. Watu walicheka. Si kwa ubaya, walikuwa wanacheka mtu kulowa. Lakini mwenyekiti hakucheka, akasema kwamba kijiji hakina nafasi ya kuchezea, na kwamba fundi wa milango angeachwa atengeneze milango.

Waliipindua mchangani. Ufito mmoja wa chini ulikuwa umepasuka kwa urefu. Baba akaung'oa kwa patasi, akauma ncha, akagonga, akasikiliza akiwa amefumba macho mbele ya watu wote. Alipofumbua alinitazama mimi. Kisha akawageukia.

"Ni masikio yangu," akasema.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Alikuwa amejua ni mimi, na alikuwa amenibebea lawama.

Yaliyofuata ni mafupi. Nyumba ya tatu kutoka mwisho alipewa mtu mwingine. Bwana Samaki alihamishwa. Baba alirudi kwenye mashine ya mbao Shume, ambako wafanyakazi walilala kambini na watoto hawakuruhusiwa, nami nikapelekwa kwa bibi, upande wa Bumbuli, kisha shule ya bweni, kisha kazi mjini Tanga. Alikuja kuniona kwa bibi kila mwisho wa mwezi, akitembea. Nilimwamkia, nikampa maji, nikatafuta kazi ya kufanya nje. Sikuweza kukaa na mtu aliyenibebea mzigo ule bila hata kuniuliza. Nilipokuwa mkubwa nilimpelekea sukari na makoti, na nilikaa kwake siku moja, siku mbili, nikaondoka. Mara nyingi nilifika nikiwa nimepiga moyo konde kwamba safari hii namwambia. Masikio yake yalikuwa yamezidi kufa. Ilikuwa inabidi kupiga kelele, na jambo lile si la kupigia kelele. Nilijiambia hivyo.

Matanga yalipoanuliwa na watu kwenda zao, nilifunga mlango, nikakitoa kile kitita chini ya mkeka, nikakata kamba ya mgomba. Zilikuwa fito sita. Nilizipangusa kwa kanga, na katika kila mmoja ukatokea mstari mwekundu, uliopinda, wa mkono wa mtoto anayekandamiza penseli. Nikauning'iniza mmoja na kuugonga. Ulikohoa. Nikagonga wa pili, wa tatu, mpaka zikaisha. Zote zilikohoa. Na kwenye ncha ya kila ufito, mwerezi ulikuwa umebonyea kwa meno, juu na chini, na juu palikuwa na nafasi ya jino moja lisilokuwepo.

Sita darini, na mmoja fundi alikuwa ameuchomoa kumpimia, tumeuvunja na kumzika nao. Saba.

Hakuna hata mmoja ulioingia kwenye kayaki. Alizikamata zote, ndani ya siku mbili zile, ndiyo maana akaniambia nikacheze. Ule uliopasuka bwawani aliuchagua mwenyewe, kwa meno, na aliposema ni masikio yangu alikuwa anasema kweli tupu, na aliponitazama alikuwa ananiangalia mtoto wake ambaye sasa hatakuwa na chumba. Alidhani namkwepa kwa ajili hiyo. Alizeeka akidhani hivyo.

Ningependa kuishia hapo, nijiondolee kosa nipumzike. Lakini nimekaa na fito hizi muda wa kutosha sasa. Baba hakuwa na sikio jingine zaidi ya langu. Nilipoanza kumdanganya aliniondoa polepole bila kuniaibisha, akabaki na meno yake, na meno yakakosea ufito mmoja. Ningegonga mimi ningeusikia. Mashua sikuitoboa. Nilimwacha peke yake afanye kazi ambayo alikuwa ameniomba nimsaidie, na kwa nini niligeuka hakuniuliza, kama ambavyo mimi sikumuuliza kwa nini anapimwa.

Niliweka ncha ya ufito mdomoni, meno yangu pale palipokuwa na yake, nikagonga kwa kidole. Ukiuma hivyo sauti haiji kwa sikio, huja ndani ya fuvu, na aliye pembeni hasikii kitu. Ulikohoa. Nikautoa. Nikasema kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo hata yeye angeisikia, "Tate, kuna fito mbovu," na nyumba ilikuwa tupu.